Sauti Nyuma ya Kanisa

Demetria alikuwa akiimba hata anapotaka chumvi. Sokoni Ulyankulu kila mwenye meza alishamzoea. Alisimama mbele ya duka la Nurdini, mkono mmoja umeshika kanga kifuani, na kwa tuni yoyote iliyokuwa kichwani mwake siku hiyo akaagiza: nusu kilo ya sukari, sabuni ya mche, na kiberiti kama kipo. Nurdini, ambaye sauti yake ni mkwaruzo mtupu, alimjibu naye kwa kuimba kwamba kiberiti kimekwisha, na watu wakacheka, na Demetria akacheka pamoja nao.

Mgeni angedhani ni mama mwenye furaha iliyopitiliza. Wenyeji walijua ni kigugumizi. Akitaka kusema kama watu wengine, neno la kwanza lilimkwama kooni, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka, na mara nyingi aliondoka bila kukisema alichokijia. Akiimba, maneno yalitoka yote, yamenyooka. Kwa hiyo aliimba. Alimwimbia mumewe mpaka siku mumewe alipofariki. Aliwaimbia watoto wake matusi walipokosea, nao walipokuwa wakubwa, mmoja akiwa ameolewa Kaliua na wengine wako Urambo, walisema hakuna kitu kilichokuwa kikiwatisha utotoni kama wimbo mfupi wa mama.

Hakuzaliwa na kigugumizi. Alikuwa mtoto msemaji mpaka umri wa miaka sita, mwaka wa sabini na mbili, walipokimbia kutoka Burundi. Walipofika upande huu alikuwa bubu kabisa. Masika mawili yalipita ndipo maneno yakarudi, na yaliporudi yalikuwa yamevunjika.

Waliovuka walikuwa watatu: mama yao, Demetria, na kaka yake Reveriani, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa amechukuliwa nyumbani kabla hawajaondoka. Kulikuwa pia na dada, Ange, wa miaka tisa. Ukiwauliza majirani wa Ulyankulu, watakuambia Ange alikufa kwa homa kambini mara tu walipofika. Hivyo ndivyo familia ilivyosema siku zote, na hivyo ndivyo Reveriani alivyoandika kwenye fomu walipoomba uraia. Mama yao alikufa mwaka wa tisini na nne bila kusema lingine.

Ila Demetria alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Wakati wa kiangazi, majani ya miyombo yakishakauka, kuna siku alikuwa anaokota kuni pembeni ya msitu akasikia mtoto anaimba. Sauti ilitoka mbali, haina haraka, kama ya mtu aliyeambiwa asiache. Haikumkaribia na haikumwita. Alisimama na panga mkononi, akisikiliza, na baada ya muda akagundua kwamba haisikiki tena, na kwamba hakuijua dakika iliyonyamaza. Hilo ndilo lililomtesa kuliko kuisikia kwenyewe. Kwa hiyo hakwenda kuni peke yake. Wenzake walidhani anaogopa nyoka.

Mwaka juzi, seminari ya Kipalapala ilimleta parokiani kwao frateri mmoja kufanya mwaka wake wa uchungaji. Aliitwa Leodgar, kijana mrefu kutoka Puge, na alikuwa na wazimu wa muziki. Wiki ya pili tu alikuwa ameshaifumua kwaya nzima na kuipanga upya. Mwezi wa tatu akawaita wanakwaya akawaambia anataka watunge kitu kipya kwa ajili ya sikukuu ya parokia mwezi wa Agosti.

"Mmewahi kusikia opera?" aliuliza.

Hakuna aliyewahi.

"Ni mchezo wa kuigiza, lakini hakuna anayesema. Kila kitu kinaimbwa. Mtu akitaka maji, anaimba. Akikasirika, anaimba. Akichomwa kisu, anaimba kwanza, ndipo anakufa."

Kwaya ikaangua kicheko. Theodora, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini mwenye sauti nyembamba kama ya msichana, akapiga makofi na kumgeukia Demetria.

"Frateri, usihangaike kutueleza," alisema. "Opera tunayo hapa, imekaa mstari wa nyuma."

Demetria akasimama, na kwa tuni ya wimbo wa matoleo waliokuwa wametoka kuufanyia mazoezi, akamwimbia yule kijana kwamba yeye amekula, amezaa na amezika kwa kuimba, na kama kuna mchezo wa namna hiyo basi wampe nafasi, asilipwe kitu. Leodgar hakucheka. Alitoa daftari mfukoni akaandika.

Mchezo wake ulihusu njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Ujiji ikavuka mto Malagarasi na kuja Tabora. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi katika njia hiyo, amebeba pembe mabegani, na kwao Puge walisimulia kwamba kila msafara uliacha watu njiani. Aliyeugua alikaa chini, na mzigo wake wakagawana wenzake. Katika mchezo wa Leodgar palikuwa na mama mpagazi mwenye binti mgonjwa. Mkuu wa msafara anaamuru binti aachwe kabla ya kuvuka mto. Mama anamwimbia mwanawe wimbo wa kumuaga, kisha anabeba mzigo wake anaondoka.

Sehemu ya mama alimpa Demetria.

Aliipokea karatasi bila kuuliza kitu. Mazoezi yakaanza, na wanaume wa kwaya wakabeba magunia ya pumba badala ya pembe, wakaimba sehemu zao vizuri. Lakini kila walipofika penye wimbo wa mama, mambo yalilala. Leodgar alikuwa ametunga wimbo mzito, wa polepole, wenye maneno kama "ewe kipenzi cha moyo wangu, pumzika kwa amani." Demetria aliuimba bila kukosea hata noti moja, na haukumgusa mtu. Hata Theodora, anayelia kwenye harusi za watu asiowajua, alikuwa akitazama saa.

Siku ya nne Leodgar akawaruhusu wengine waondoke, akabaki na Demetria na Theodora kwenye benchi la kanisani.

"Mama, shida ni nini?" aliuliza kwa upole. "Sauti unayo. Maneno unayatamka vizuri."

Demetria alijaribu kusema, akakwama. Akafumba macho, akaimba jibu kwa sauti ya chini, kwa tuni isiyo na umbo.

"Maneno yako ni ya mtu anayesimama kaburini," aliimba. "Huyu bado hajafa. Mtoto anamtazama mamake usoni. Huwezi kumwambia pumzika kwa amani, atajua. Unamwambia uongo. Unamwambia tunakwenda hapo tu, tunarudi sasa hivi. Na sauti yako lazima iwe nyepesi kama ya mtu anayekwenda kisimani, maana ukilia atakufuata."

Theodora alikuwa ameacha kukunja kitambaa alichokuwa anakikunja.

"Sasa huzuni itakaa wapi?" aliuliza Leodgar, karibu anong'one. "Kama maneno ni ya uongo na tuni ni nyepesi, watu watajuaje?"

Demetria alionyesha kwa mkono viti vitupu vya kwaya. Akaguna noti moja ya chini sana, mdomo umefumbwa, akaishikilia. Leodgar akaelewa. Mama angeimba uongo wake mwepesi, na chini yake kwaya nzima ingeguna bila maneno ile noti nzito, kama mtu anayejua ukweli na hathubutu kuusema. Wakajaribu kesho yake. Wapagazi wawili wakaweka magunia chini wakashindwa kuendelea.

Kisha Demetria akataka jambo la pili. Mtoto asionekane. Leodgar alikuwa amepanga Theodora, kwa sauti yake nyembamba, alale kwenye mkeka katikati ya jukwaa na kuimba. Demetria akakataa. Mtoto aimbe akiwa nyuma ya kanisa, na msafara unapoanza kuondoka Theodora atembee kuelekea shamba la mihogo huku akiimba, polepole, mpaka asisikike. Msafara unatembea papo hapo jukwaani, mtoto ndiye anayekwenda mbali. Kwa nini aimbe? Kwa sababu mama amemwagiza: imba, tukirudi tutakusikia ulipo.

Leodgar aliandika yote hayo. Hakuuliza ameyatoa wapi. Baadaye alimwambia Theodora kwamba aliogopa kuuliza.

Sikukuu ilifika Jumapili ya tatu ya Agosti. Baada ya misa watu walikaa uwanjani, wazee kwenye viti mbele, wengine wamesimama kuzunguka, na Reveriani alikuwa kwenye kiti cha mstari wa pili, katika koti lake la sikukuu. Sasa alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi, mkulima wa tumbaku anayeheshimiwa, mtu wa maneno machache. Nyumba yake na ya dada yake zilitenganishwa na njia ya miguu tu. Hakuwa ameuliza mchezo unahusu nini. Alikuja kwa sababu dada yake anaimba.

Wapagazi waliingia na magunia yao, wakaimba uchovu wa njia, na watu wakawapigia makofi. Mkuu wa msafara akatoa amri yake. Demetria akapiga magoti mbele ya mkeka usio na mtu. Kwaya ikaanza kuguna.

Aliimba mstari wa kwanza kwa Kiswahili, kama walivyofanya mazoezi. Ule wa pili ukamtoka kwa Kirundi. Hakuwa amepanga. "Ririmba," aliimba, kwa wepesi ule ule, karibu na tabasamu, "ririmba, turagaruka." Imba, tutarudi.

Wazee wa mstari wa mbele waliinua vichwa pamoja. Bibi mmoja akashika mdomo wake kwa viganja viwili. Vijana waliozaliwa Ulyankulu, waliodhani mchezo ni wa pembe na wapagazi wa zamani, waligeuka kuwatazama babu na bibi zao na hawakuelewa kilichotokea.

Demetria akainuka, akajitwika gunia, akageuka. Msafara ukaanza kutembea papo hapo. Na nyuma ya kanisa, sauti ya Theodora ikaanza, nyembamba, inaimba wimbo mdogo wenye mistari miwili inayorudiwa. Sauti ikaanza kwenda. Watu mia tatu walinyamaza ili wasiipoteze. Ilikuwa pale, ikafifia, ikawa bado pale, ikachukuliwa na upepo na kurudishwa. Wengine waliinamisha kichwa upande mmoja. Kwaya iliacha kuguna, na katika kimya kile hakuna aliyeweza kusema kama mtoto bado anaimba au ameshanyamaza.

Hapo ndipo Reveriani aliposimama. Hakuenda kwenye njia ya nyumbani. Alipita katikati ya watu, akasukuma viti, akazunguka kanisa, akaingia kwenye shamba la mihogo. Theodora alikuwa amesimama huko mwisho wa matuta, bado anaimba kidogo kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache lini. Alimwona mzee yule anakuja na koti limenasa kwenye mashina, uso umelowa.

"Nyamaza," alimwambia. "Nyamaza, mama, nakuomba. Nimekuja, nyamaza."

Theodora akanyamaza. Reveriani akasimama mbele yake kama mtu aliyeamshwa, akamtazama, akaomba radhi, akaondoka kupitia upande wa pili wa shamba.

Jioni ile ile Theodora alimweleza Demetria neno kwa neno.

Asubuhi yake Demetria alivuka njia. Reveriani alikuwa kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, lililokuwa tupu msimu huo, anakandika nyufa za ukuta kwa udongo. Mikono yake ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko. Demetria akaketi juu ya gogo. Hawakuamkiana.

"Theodora kakwambia," alisema Reveriani.

Demetria akatikisa kichwa kukubali.

Yapo waliyoyajua wote wawili, ingawa hawakuyasema miaka hamsini. Ange alikuwa na jeraha mguuni lililooza, akawa hawezi kukanyaga. Mama yao alikuwa amembeba Demetria mgongoni, na Reveriani alibeba chungu na unga. Wanaume wa kundi walisema askari wako nyuma, mto uvukwe leo. Mama akamkalisha Ange chini ya mti, akamwachia kibuyu cha maji, akamwambia aimbe ili wakirudi wamsikie alipo. Demetria, mgongoni, uso umegeukia nyuma, aliusikia wimbo ule mpaka haukusikika tena. Siku tatu baada ya kuvuka, mama akamtuma Reveriani arudi na wanaume wawili waliokuwa wanawafuata jamaa zao. Reveriani akarudi peke yake, akamwambia mama kwamba amemkuta Ange amekwisha kufa, kwamba amemzika na kuweka mawe juu. Mama hakulia. Alisema tu kwamba tangu leo watasema ni homa, ya kambini, ili watu wasimuulize mwanamke anayeacha mtoto ana moyo gani.

Hayo Demetria aliyajua. Aliketi juu ya gogo akisubiri asichokijua.

"Sikuvuka," alisema Reveriani.

Aliendelea kupaka udongo alipokuwa akisema, na hakugeuka.

"Tulifika mtoni asubuhi. Maji yalikuwa mengi. Wale wakavua nguo wakaingia. Mimi nikawaambia watangulie, najisaidia. Nikaingia kwenye matete. Wakaniita. Wakaita mpaka wakachoka, wakavuka. Hawakurudi wale, sijui walikoishia. Nikakaa kwenye matete siku mbili. Ya tatu nikarudi kwa mama, nikasema yale niliyosema. Hakuna kaburi, Demetria. Hakuna jiwe hata moja nililomwekea."

Udongo ulidondoka kutoka mkononi mwake.

"Usiniambie nilikuwa mtoto. Nimejiambia mwenyewe miaka yote na haijasaidia."

Demetria hakuwa na nia ya kumwambia hivyo.

"Na nilikuwa nausikia," alisema kaka yake. "Pale kwenye matete. Najua haiwezekani, toka ule mti mpaka mtoni ni nusu siku kwa miguu. Lakini niliusikia. Na mpaka leo, kiangazi, nikiwa kwenye kitalu, nausikia. Ndiyo maana jana nilikwenda. Nilisema safari hii nisikae."

Demetria akasimama. Alifungua kinywa. Neno lilikuja mpaka kooni likagoma, akalisukuma, likagoma. Angeweza kuimba. Tuni zilikuwepo, maneno yalikuwepo, na miaka yote hakuna alichoshindwa kumwambia kaka yake kwa njia hiyo. Akamtazama akiwa amesimama na matope yake, akafumba kinywa, akarudi kwake.

Toka siku hiyo hakumwimbia. Wakikutana njiani aliinamisha kichwa akapita. Watu waliona, wakadhani wamegombania mpaka wa shamba.

Mwezi wa Oktoba Leodgar aliwapeleka kwaya nzima Kipalapala, wauonyeshe mchezo mbele ya mapadre na wanafunzi wa seminari. Ilikuwa Jumamosi mchana, joto kali la kabla ya mvua. Demetria alipiga magoti mbele ya mkeka kama kawaida. Kwaya ikaguna. Akaimba mstari wa kwanza. Alipofika kwenye mstari wa pili, aliyaona yale matete na mvulana aliyejikunyata ndani yake, na chini ya mti wa ng'ambo msichana anayeendelea kutii agizo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ririmba," aliimba. "Tu... tu... tu..."

Neno lilikwama ndani ya wimbo. Haikuwahi kutokea. Alishikilia noti, akajaribu tena, shingo imekaza, na kwaya nyuma yake, isiyojua la kufanya, ikaendelea kuguna na kuguna. Lilitoka mwishoni, likiwa limepasuka. Wanafunzi wengi walikuwa wanalia. Walidhani ndivyo ilivyotungwa, na padre mmoja mzee alikuja baadaye kumshika mikono yote miwili na kumwambia hajawahi kuona mwigizaji wa namna ile. Demetria alimtazama asielewe anasema nini. Alikuwa ameshikwa na hofu. Mahali pekee duniani ambapo maneno yalimtii palikuwa pameingiliwa.

Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani. Leodgar alikwenda kukaa karibu naye.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilitaka muziki mzuri tu. Sikujua naazima nini kwako."

Demetria alimpapasa mkono kumtuliza, kama mtoto wake. Hakuimba jibu.

Hakuimba kitu kwa wiki zilizofuata. Dukani alionyesha kwa kidole. Nurdini alijaribu kumwanzishia, mara moja, mara mbili, kisha akaacha, akawa anampa vitu vyake na kumwambia shikamoo kwa sauti ya kawaida. Kwenye mazoezi ya kwaya kiti chake kilikuwa kitupu. Theodora alikuja kumtembelea, wakamenya karanga pamoja bila mazungumzo, na Theodora, ambaye kunyamaza kwake ni kazi ngumu, aliiweza kazi hiyo kwa saa nzima.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Oktoba. Siku mbili kabla ya siku ya kuwaombea marehemu wote, Reveriani alivuka njia, amevaa lile koti. Alisimama uani mbali kidogo na mlango.

"Dada," alisema, "nakwenda ofisi ya parokia kumwandikisha Ange. Hajawahi kusomwa jina misani hata mara moja. Mama aliogopa, na mimi niliogopa. Nimekuja kukuambia, usije ukasikia jina ukashtuka. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, ni haki yako."

Demetria alikuwa anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Reveriani alisubiri, akadhani ndilo jibu, akaanza kuondoka. Kisha akasikia mlango unafungwa nyuma yake, na dada yake akatoka amejitanda kanga safi.

Walitembea mmoja mbele mmoja nyuma. Ofisini alikuwepo karani wa parokia, Irambona, binti wa pale pale Ulyankulu, mwenye daftari kubwa la nia za misa. Aliwaamkia, wakaitikia, Reveriani akasema walichojia.

"Jina?" aliuliza Irambona, kalamu tayari.

Reveriani alifungua kinywa, na Demetria akamgusa mkono amwachie. Alivuta pumzi. Neno likakwama. Irambona aliyemjua tangu utoto alisubiri aimbe, kama wote walivyozoea, lakini Demetria hakuimba. Alisimama pale na shingo yake iliyokaza, uso unatetemeka, na binti yule akaweka kalamu chini akasubiri, na kaka yake akatazama sakafu akasubiri.

"A... A... Ange," alisema Demetria.

Irambona akaandika. Kisha akasogeza kidole kwenye safu ya pili ya daftari, kama anavyofanya kwa kila mtu.

"Marehemu au mzima?"

Nje, watu waliokuja kuandikisha nia zao walikuwa wakizungumza habari za mbegu. Irambona aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akidhani hawakusikia.

"Nauliza, tunamwombea kama marehemu au kama mtu aliye hai? Maana ni orodha mbili."

"Alikuwa na miaka tisa," alisema Reveriani. "Angekuwa na sitini sasa. Sijui, mwanangu. Sisi hatujui."

Irambona hakuwa amewahi kupata jibu kama hilo. Alifikiri, akaenda kumwita paroko chumba cha pili, akarudi, akasema Baba Paroko amesema aandike kwenye orodha zote mbili. Akaandika mara mbili, kwa mwandiko wake wa mviringo, na kuwaonyesha.

Siku ya marehemu wote jina lilisomwa katikati ya majina mengine mengi, haraka, na mtu aliyekuwa anakohoa angeweza kulikosa. Jumapili iliyofuata lilisomwa tena, pamoja na wagonjwa na wasafiri. Leodgar alikuwa amesharudi Kipalapala wakati huo. Aliandika barua kuuliza kama waendelee na mchezo mwakani, na Theodora alimjibu kwamba kwaya iko tayari, ila wimbo wa mama wautafutie mtu mwingine, au wamsubiri Demetria.

Demetria alirudi kwenye mstari wa nyuma wa kwaya Krismasi ilipokaribia. Anaimba na wenzake. Dukani sasa kuna siku anaimba na kuna siku anasema, na siku anazosema Nurdini humkalisha kwenye kiti ili asichoke kusimama. Anazungumza tena na kaka yake, kidogo, mambo ya mashamba na wajukuu. Masika yale walipanda mahindi pamoja, shamba la kwake kwanza, kisha la Reveriani. Siku moja wakiwa kwenye matuta, mchana, Demetria aliona kaka yake ameacha jembe, amegeuza kichwa upande wa msitu, anasikiliza, ingawa kiangazi kilikuwa kimepita. Na yeye akaacha. Walisimama hivyo kwa muda, kila mmoja kwenye tuta lake, na hawakuulizana kitu.